Mtihani wa Masikio Nilioufaulu

Jumatatu, 3 Machi
Uzushi mtupu! Daktari kasema masikio yangu yote mawili yamepungua nguvu, nitafute mashine ya kusikia. Nikamwambia masikio hayana shida, shida ni watu kumumunya maneno. Mke wangu akamweleza kwamba kwenye mdahalo uliopita nilimjibu Kamusi kwa ukali hoja ambayo hakuitoa. Kamusi! Mwalimu mstaafu, mpinzani wangu wa miaka yote, mtu anayesahihisha hata salamu. Jumamosi tunapambana tena. Anataka maktaba ya mtaa igeuzwe ukumbi wa harusi, na watu watapiga kura papo hapo. Nikivurunda, vitabu vinatupwa nje.

Jumanne, 4 Machi
Duka la mashine za masikio. Mpimaji, binti mpole mno, kaonyesha aina mbili. Moja hukaa nyuma ya sikio, nene kama harage, ina kimrija. Nyingine huzama ndani, haionekani. Hiyohiyo! Kamusi asijue kitu. Binti akasema ndogo huwafaa wenye upungufu mdogo, kwa hiyo tupime: nikae kibandani, nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio.

Kibanda kina dirisha. Nikagundua kila akituma mlio, bega lake la kulia hushuka kidogo. Basi nikawa nabonyeza kwa kufuata bega. Nimefaulu vibaya sana! Binti akaikodolea macho karatasi ya daktari, akauliza kama nina hakika. Hakika kabisa! Nimeondoka na ile ndogo, kwa majaribio. Nani mjanja sasa?

Alhamisi, 6 Machi
Sisikii kitu. Imezimika? Hapana, inawaka. Mke wangu kasema jambo jikoni, nikaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu mwenye busara. Kumbe nimekubali mama mkwe aje kukaa nasi mwezi mzima.

Ijumaa, 7 Machi
Nimerudi dukani na moto, mke wangu nyuma yangu. Utapeli! Nitaandika makala! Binti akafungua kompyuta, akasema mashine imepangwa kwa matokeo yangu, na kwa matokeo yale naweza kusikia sisimizi akipiga chafya. Nikatazama dari. Mke wangu akasema, baba watoto, hebu tapika ukweli. Nikatapika, bega na yote. Binti alicheka hadi akashika meza. Kisha akanipima upya, safari hii nimempa mgongo. Matokeo: aibu tupu. Akanivika zile za harage, masikio yote mawili, akazirekebisha polepole.

Jamani! Viatu vyangu vina sauti. Karatasi zina sauti. Na mke wangu huimba akitembea, chinichini, kama anajificha. Nimemwuliza tangu lini. Akasema tangu zamani. Tumerudi kwa miguu, kwa njia ndefu.

Jumamosi, 8 Machi
Mdahalo. Nimevaa kofia nzito, nimeivuta mpaka shingoni. Kofia ikazibana mashine, zikaanza kupiga mluzi. Kamusi akakatiza hotuba, akauliza nani kaja na birika. Ukumbi mzima kicheko! Nikavua kofia kwa hasira. Shetani yule akageuza kichwa taratibu: naye anazo, zilezile! Akasema, karibu chamani bwana, sasa tutatukanana kwa ufanisi. Nikamsikia kila neno. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka nikajibu hoja aliyoitoa mwenyewe, nikaibomoa tofali kwa tofali. Mikono ikainuliwa. Maktaba inabaki! Kamusi kanipa mkono, kisha akasahihisha nukuu yangu moja.

Doa dogo tu. Nilipokuwa nikisoma takwimu, karatasi niliisogeza mbali mpaka mkono ukaisha. Mke wangu kaona.

Jumatatu, 10 Machi
Ananipeleka kwa daktari wa macho kesho. Miwani? Mimi? Mkombozi wa maktaba? Mchana nimepita pale peke yangu, nikajifanya naulizia choo. Ubao wa herufi upo ukutani, peupe kabisa. Nimeusogelea, nikasimama urefu wa mkono. Mstari wa mwisho nimeukariri, kwenda na kurudi.

Kesho watanitambua!