Radi Iliyosingiziwa

Jumatatu, 2 Machi 1998

Mkataba wangu unakwisha Ijumaa. Wa mwenzangu Jepkemboi pia. Bwana Shikanga, meneja wetu hapa ushirika wa wakulima wa miwa, atabakiza mmoja tu wa kutunza seva, ile kompyuta kuu ya ofisi. Jepkemboi ni mtu wa CD: programu zake zimefungashwa tayari, anazisakinisha, anaandika kila moja daftarini, anakunywa chai. Hata nyanya yangu anaiweza kazi hiyo! Mimi nina disketi sita za msimbo mbichi kutoka Nairobi. Nitaukompaili, yaani niugeuze kuwa programu, mwenyewe hapa hapa, programu ya zamu za kukata miwa iende mbio, bosi aone mwanamume.

Jumanne, 3 Machi

Saa saba za kukompaili. Imekubali! Ya Jepkemboi sikuiondoa. Yangu nimeipachika kando yake, kimyakimya. Daftarini sikuandika kitu. Nani atajua?

Jumatano, 4 Machi

Mama yangu! Jepkemboi ameweka CD mpya. CD haikujua kama mimi nimo, ikaandika faili zake juu ya zangu. Sasa ni programu moja, nusu yake nusu yangu, na inasoma zamu za mwaka jana. Trekta zilitumwa kwa miwa iliyokwisha kukatwa. Zilikuta mahindi. Jepkemboi akauliza kama nimegusa seva. Nikasema ni radi. Ulimi huu! Bosi akaniamini, ole wangu, akaamuru seva izimwe kila wingu likitanda. Kakamega hii huwanga na wingu kila saa nane! Tutatengeneza lini?

Alhamisi, 5 Machi

Mzee Osundwa wa Shianda yuko kwenye benchi tangu asubuhi. Panga mapajani. Miwa yake ina miezi ishirini na sita, inakauka shambani, na leo ilikuwa zamu yake. Alinisalimu mulembe, basi. Halafu akauliza hiyo radi inaitwa nani. Nimejificha chooni mara nne. Naogopa, naogopa kweli. Na mzee wa watu ana haki.

Ijumaa, 6 Machi

Nimekamatwa. Jepkemboi alipekua seva, akakuta faili ambazo hazimo daftarini, za Jumanne, zenye jina langu: Masinde. Akang'oa zote, akarudisha zake kutoka CD. Dakika arobaini! Mzee Osundwa atakatiwa Jumatatu. Bosi alitaka niende nyumbani leo leo. Jepkemboi mwenyewe akaniombea miezi mitatu, chini yake. Nililia. Nikaapa kwa Biblia ya ofisi sitachanganya tena, na kila kitu nitaandika.

Jumamosi, 7 Machi

Jepkemboi yuko matangani Iguhu, ameniachia funguo. Nina kazi moja: kuchapa orodha ya Jumatatu. Lakini disketi mpya zimefika. Toleo jipya kabisa! Kiapo kilihusu lile la zamani. Nimeliweka kando tu, halitagusana na la Jepkemboi. Daftarini nitaandika likikubali.

Saa nane kasoro. Orodha ya Jumatatu, ile ya Mzee Osundwa, imekataa kufunguka. Nimechungulia dirishani. Mungu ni mwema, kuna wingu.