Plasma Iliyogoma Kwenda

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa kituo anastaafu! Katutangazia wakati wa chai: Ijumaa atamtaja mrithi wake. Ama mimi, ama Kimya. Dada huyu husema maneno matatu kwa wiki, mawili yakiwa "Shikamoo, Mkuu". Nimemwandikia mama kwamba kiti ni changu. Kumbe kashawaambia mashangazi wote!

Jumanne, 4 Machi
Kazi yetu ni hii: rada inarusha mawimbi juu ya ncha ya dunia, yanagonga plasma, ile hewa yenye umeme kule juu kabisa, kisha yanarudi kutuambia inakwenda wapi na kwa kasi gani. Mwendo huo kila mmoja anauchora kwenye ramani yake; ya Kimya ina matundu kama wavu. Yangu pia, kusema kweli. Nikachungulia kompyuta: kuna kichujio kinachofuta mwangwi wa ardhini. Nani kakiomba? Nimekizima. Lo! Ramani imejaa pomoni!

Jumatano, 5 Machi
Kwenye ramani yangu kuna plasma isiyosogea. Kasi sifuri! Na kila mtu anajua plasma haitulii. Nimeipa jina langu. Kimya kapita, katazama skrini, kaguna. Wivu huo!

Ijumaa, 7 Machi
Aibu. Nilizungumzia ugunduzi wangu dakika arobaini mbele ya kituo kizima. Mkuu akauliza kwa nini plasma yangu imekaa palepale ulipo mlima. Kimya akainuka, akabonyeza kitufe kimoja, akakiwasha kichujio. Ugunduzi wangu ukapotea mbele ya watu. Akasema ni mlima, upo siku zote, na una jina tayari. Mpishi wa kituo alicheka mpaka akakaa chini. Kiti kapewa Kimya. Nililia stoo, nyuma ya makoti, tena si kidogo. Mama nitamwambia nini?

Jumamosi, 8 Machi
Bosi mpya kanikabidhi koleo nikafukue antena kwenye theluji. Kanisihi nisikiguse kichujio kile tena. Sikigusi ng'o! Nimezima cha pili, kinachofuta kelele za umeme wa hapa kituoni. Na tazama: plasma inapiga mdundo! Unaanza mpishi akiwasha mashine ya kufulia, unakoma akiizima. Maskini, hata hajui kwamba plasma inamfuata. Nimeshamwandikia mama. Mashangazi wasitawanyike.