Mlango wa Kijani wa Malalamiko ya Wasikilizaji

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Redio, Mheshimiwa Msaidizi wa Mwenyekiti, Mheshimiwa aliyembebea Msaidizi mkoba, wakurugenzi wenzangu mliokaa kivulini, na ninyi wasikilizaji wapendwa mliosimama juani kwa hiari yenu (makofi ya kivulini), leo mimi mwenyewe, bila kusukumwa na mtu, nazindua Kituo cha Kisasa cha Malalamiko, kilichomo nyuma ya mlango huu wa kijani, ambacho kwa mujibu wa data na mkakati shirikishi kimeshatatua asilimia mia moja na nne ya malalamiko yote, yakiwemo yale ambayo hamjayaleta. (Minong'ono.)

Na malalamiko yenyewe yanachekesha, ndugu zangu. Mzee mmoja fundi saa anadai kwamba msomaji wetu wa habari akisema "usiku mwema", mkewe humwitikia yule wa redioni, na yeye aliye naye kitanda kimoja haambulii hata mguno. Tumemshauri arekebishe sauti. Mama mmoja dobi anasema tulitabiri jua, akaanika mashuka ya hoteli nzima, ikanyesha. Wataalamu wetu wamethibitisha kwamba utabiri ulikuwa sahihi. Mvua ndiyo iliyokosea. (Kicheko.)

Yupo pia mvunja kokoto, kibarua aliye mbali na kwao, anayelalamika kwamba matangazo ya wagonjwa na vifo tunayasoma saa sita mchana, wakati mashine yao inanguruma na hasikii neno, na kwao amemwacha mama yake mgonjwa. Anaomba tuyasome jioni. Huyo tulimjibu kwa heshima zote, hewani, saa sita mchana. (Makofi ya kivulini.)

(Mwanamume mwenye vumbi la mawe kwenye nyusi ananyoosha mkono.)

"Samahani, mheshimiwa. Huyo ni mimi. Hilo jibu sikulisikia. Mama yangu bado yupo?"

Swali zuri sana, la kitaalamu. Rekodi zote zimo humo ndani, ndugu yangu, fungua, uingie. (Mwanamume anashika kitasa. Mkono unarudi na rangi mbichi. Ni ukuta mtupu.)

Kaulimbiu yetu, itikieni: Redio yenu! (Wasikilizaji wanautazama ukuta.) Sikio lenu!

Basi, kabla wageni rasmi hatujaenda kunywa soda, namshukuru kwa dhati fundi rangi aliyetuchorea mlango huu na kitasa chake kwa siku moja tu, maana chumba chenyewe bado kimo kwenye mpango wa miaka mitano. Nawe ndugu yangu, pangusa mkono, urudi kazini bila wasiwasi. Habari za mama yako tutazisoma kesho, saa ile ile.