Stashahada ya Kuomba Ahirisho

Mamlaka ya Uelekezaji wa Wahitimu wa Sheria, kwa kifupi MUWASHE, ina furaha kuutangazia umma kwamba kuanzia sasa hakuna mhitimu wa sheria hata mmoja atakayezurura mjini na bahasha ya kaki. Kila mhitimu ataelekezwa. Atakayekataa kuelekezwa ataelekezwa namna ya kukubali.

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi, huko Temeke, ghorofa ya pili juu ya duka la magodoro. Aliyelitunga ni Audax Kabyemera, Kaimu Mkurugenzi Mkuu, mtu aliyekuwa akisoma barua zake mwenyewe kwa sauti ili asikie zinavyotamkika. Taasisi nyingine za ngazi hiyo zilishahamia Dodoma kitambo. MUWASHE ilibaki Temeke kwa sababu uhamisho wake ulikuwa umeahirishwa mara sita, na Audax alilitaja jambo hilo kwa wageni kama mtu anayetaja watoto wake waliofaulu.

Kabla ya Audax, mambo yalikuwa shaghalabaghala. Kijana anamaliza shahada ya sheria, huyu anataka uwakili, yule anautaka uhakimu, mwingine anataka kukaa kwenye kampuni yenye kiyoyozi. Audax akasema hapana, lazima tufanye utafiti. Akaenda kukaa siku nne kwenye benchi la nyuma la baraza moja la ardhi, akaangalia wanasheria vijana wanafanya nini hasa. Akaona wanatumwa na wakubwa wao, wanasimama, wanainama, wanasema wakili msomi yuko Mahakama Kuu hivyo wanaomba tarehe nyingine, wanainama tena, wanaondoka. Basi. Audax alisikitika sana kuona vyuo vikuu vinapoteza miaka minne kufundisha mambo mengine.

Hapo ndipo ilipozaliwa Stashahada ya Juu ya Kuomba Ahirisho, ya miaka mitatu, ambayo kila mhitimu alilazimika kuipitia kabla ya kupewa barua ya ruhusa ya kwenda kusomea uwakili. Uhuru wa kuchagua ulizingatiwa. Fomu Namba Nne ilikuwa na visanduku vitatu: wakili, hakimu, mwanasheria wa kampuni. Ukitia tiki popote, unapelekwa kulekule. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa kusimama na kuinama. Mwaka wa pili wanafunzi walijifunza sababu, yaani homa, msiba, na faili kutoonekana. Mwaka wa tatu waligawanywa mabarazani kuahirisha kwa vitendo. Aliyetia fora kuliko wote ni kijana anaitwa Gibson, ambaye aliomba mtihani wa mwisho wenyewe uahirishwe. Alipewa alama A na kuajiriwa siku hiyohiyo kuwa mwanasheria wa Mamlaka. Mtihani haujafanyika mpaka leo.

Pamoja na mafanikio yote hayo, Audax alikuwa na kidonda. Kidonda hicho kiliitwa Kaimu. Miaka minane mtu anakaimu! Kila bodi ilipokutana kumthibitisha, Gibson alisimama kwa niaba yake na, kabla hajakumbuka kilichomleta, akaomba tarehe nyingine. Bodi nayo haikuwahi kukataa. Imetokea mara kumi na moja.

Na Jumatatu kulikuwa na mkutano wa wakuu wa taasisi, kwenye hoteli moja ya Mbezi Beach. Wakurugenzi huketi mbele kwenye masofa, majina yao yamechapwa. Makaimu huketi nyuma kwenye viti vya plastiki, karibu na wapishi, majina yao yameandikwa kwa penseli. Mwaka uliopita mhudumu alimmwagia Audax mchuzi wa samaki kwenye suti, na badala ya kumwomba radhi akamwuliza kama yeye ni dereva wa nani. Jambo hilo lilimkata maini. Aliumia kuliko alivyowahi kuumia kwa mtu kufa. Safari hii lazima athibitishwe, na bodi ilikuwa inakutana Ijumaa saa tano.

Ijumaa hiyo asubuhi Editha, katibu muhtasi wake, akachungulia mlangoni.

"Bosi, yule binti kaja tena."

"Binti yupi?"

"Yule aliyemaliza kesi."

Audax akafumba macho. Katika historia ya MUWASHE kulikuwa na kashfa moja tu, na kashfa hiyo iliitwa Tupokigwe Mwasomola.

Akaingia, sketi nyeusi, blauzi nyeupe, bahasha ya kaki kwapani, kinyume kabisa na tangazo lililokuwa mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Bado unatembea na bahasha?"

"Mzee, leo ndiyo mwisho wa kupokea wanaojiunga na mafunzo ya uwakili. Wanafunga saa tisa na nusu. Mwaka juzi nimekosa, mwaka jana nimekosa. Bila barua yako ya ruhusa hawanipokei. Mie nina miaka ishirini na tisa sasa. Mama akiulizwa kanisani binti yako wakili yuko ofisi gani, anajifanya kutafuta ukurasa kwenye kitabu cha nyimbo."

"Ninakuhurumia, lakini ulifeli." Audax akafungua faili, akasoma kwa sauti yake ya barua. "Mwanafunzi alitumwa kuahirisha shauri la Bi Filomena wa Chamazi. Badala yake akalimaliza, tena ndani ya dakika arobaini. Hana moyo wa subira. Alama F. Sahihi ni yangu."

"Mzee, yule mama, jirani alimjengea ukuta mbele ya geti! Miaka saba alikuwa anaingia nyumbani kwake kwa kupitia jikoni kwa jirani!"

"Jirani gani huyo?"

"Huyohuyo aliyejenga ukuta."

"Basi walikuwa wameshazoeana," Audax akasema kwa upole. "Wewe umevunja ujirani."

Tupokigwe akaikaza bahasha kwapani. Macho yalimjaa maji, ila alikataa yasitoke mbele ya mtu yule. Alikuwa na hasira ya kutosha kubomoa ukuta mwingine.

Hapo akaingia Gibson, leso mkononi, akijaribu vikohozi vya aina mbalimbali. Alikuwa amevaa suti ya bodi.

"Gibson," Audax akasema, "hebu nisikie. Leo ukisimama utasema nini?"

"Nitasema, waheshimiwa, mteja wangu yupo na tuko tayari kabisa."

"Safi sana. Halafu?"

"Tuko tayari kabisa kupokea tarehe nyingine." Gibson akajiziba mdomo. "Samahani bosi. Inatokaga yenyewe."

"Anza tena."

"Waheshimiwa, leo hatuombi ahirisho. Tunaomba..." Alitafuta kichwani kitu kingine ambacho mwanasheria anaweza kuomba, akakikosa. "Tunaomba wiki mbili."

Walijaribu mara nne. Mara ya nne Gibson alisema amefiwa.

Audax akatazama saa. Saa nne na dakika ishirini. Akilini akamwona mhudumu yule wa hotelini na bakuli lake la mchuzi. Kisha, taratibu, akamgeukia binti aliyekuwa bado amesimama mbele ya meza.

"Tupokigwe, mwanangu. Ile dosari yako ya kumaliza mashauri, bado unayo?"

"Bado ninayo, mzee."

"Nisimamie leo mbele ya bodi. Tukitoka, nakupa barua yako."

"Barua kwanza."

"Baada ya kikao, binti. Hatukimbii."

"Nyie ndio hamkimbii, mie nakimbia. Baada ya kikao mtanipa tarehe nyingine. Barua kwanza."

Editha akachapa, Audax akasaini, mhuri ukagongwa. Ilikuwa saa nne na nusu. Alama yenyewe ilibaki F, maana kubadilisha alama kunahitaji kikao cha kamati, na kamati ilikuwa imeahirishwa. Barua ilisema tu kwamba mhusika ameruhusiwa. Tupokigwe aliisoma mara mbili, akaitia kwenye bahasha, na bahasha akaikumbatia.

"Sasa niandikie unachotaka nikufanyie," akasema. "Mteja anatoa maelekezo kwa maandishi."

Audax alipendezwa na neno maelekezo. Akaandika: Hakikisha suala langu linasikilizwa leo mpaka mwisho. Akasaini na hapo pia.

"Mzee, nikuulize kitu kabla hatujaingia. Bodi isipoamua, wewe unabaki kwenye kiti chako, miaka kumi hata ishirini. Ikiamua, imeamua. Una uhakika unataka kusikilizwa?"

Audax alicheka mpaka tai ikapinda. "Mtu mwenye rekodi kama yangu aogope kusikilizwa? Twende."

Bodi ilikuwa na watu watano chini ya Mama Anjelina Mapunda, mwalimu mkuu mstaafu kutoka Songea. Wajumbe walikuwa wameacha magari yakinguruma huko chini, kwa kuwa vikao vya MUWASHE huwa vya dakika nne. Sambusa zilishafika. Mwenyekiti alitaja jina la Audax, na kabla hajamaliza, Gibson, ambaye hakuwa ameitwa, akainuka kule nyuma akainama.

"Waheshimiwa, ninaomba..."

"Napinga," akasema Tupokigwe.

Mjumbe mmoja, Bwana Brightson, alibaki na sambusa hewani. Neno hilo lilikuwa halijawahi kutamkwa chumbani humo.

"Waheshimiwa, suala hili limeahirishwa mara kumi na moja. Leo mteja wangu yupo. Nyie mpo. Hakuna anayeumwa, hakuna aliyefiwa. Na faili linaonekana, lipo hapo chini ya sahani. Tunaomba lisikilizwe sasa hivi, mpaka mwisho. Ndiyo maelekezo niliyopewa."

Wajumbe wakatazamana. Mama Anjelina akainua sahani, akalitoa faili, akapangusa mafuta.

"Sasa binti, tukikataa kuahirisha tunafanyaje?"

"Mnamsikiliza, mama. Mnamwuliza maswali, anajibu, mnaamua."

"Yaani tunaweza?"

"Mnaweza."

Bwana Brightson akampigia dereva wake azime gari.

Audax akasimama. Alizungumza dakika ishirini kuhusu mageuzi shirikishi katika mnyororo wa uelekezaji, na alijisikia vizuri mno. Hata sauti yake ilimpendeza. Alimtazama Tupokigwe kwa shukrani ya kweli, akawaza kwamba akishathibitishwa atamtafutia hata kiti pale ofisini.

Mama Anjelina alivua miwani, kama alivyokuwa akifanya miaka thelathini darasani.

"Nimesikia. Wahitimu wangapi wameingia kwenye mafunzo yako?"

"Mia nne na kumi na wawili, Mheshimiwa."

"Na waliotoka? Wangapi wameruhusiwa kwenda kusomea uwakili?"

"Mchakato unaendelea vizuri."

"Sijauliza mchakato. Nimeuliza wangapi."

Audax akamgeukia wakili wake. Tupokigwe akamnong'oneza, "Jibu swali, mzee."

"Mmoja."

"Aliruhusiwa lini?"

"Leo."

"Leo saa ngapi?"

"Saa nne na nusu."

"Yuko wapi?"

Audax alinyoosha kidevu kidogo upande wake wa kulia. Mama Anjelina akafungua faili, akapekua matokeo ya wanafunzi, akafika kwenye ukurasa wa Tupokigwe wenye sahihi ya Audax. Alisoma polepole, midomo ikichezacheza.

"Huyu aliyetufumbua macho leo ndiye uliyempa F?"

"Kwa mujibu wa miongozo, Mheshimiwa."

"Na yule pale nyuma aliyesimama bila kuitwa ndiye aliyekuwa wa kwanza darasani?"

Gibson akainama kwa heshima.

"Mungu wangu," alisema Mama Anjelina. "Vijana mia nne! Wengine wana watoto sasa. Na sisi tulikuwa tunakuja hapa kula sambusa." Akaisukuma sahani pembeni, na hakuna mjumbe aliyeigusa tena. "Kabla ya kukaimu ulikuwa nani, Bwana Kabyemera?"

"Mtunza masijala."

"Bodi haikuthibitishi. Jumatatu saa moja na nusu utaripoti masijala. Kazi yako ya kwanza itakuwa kutoa mafaili ya hao mia nne na kumi na mmoja waliobaki, moja baada ya jingine, na barua za ruhusa zipelekwe kwao. Wenzangu mnaonaje?"

Wenzake, ambao hawakuwahi kuamua jambo lolote humo ndani, walinyoosha mikono yote miwili.

Mama Anjelina akachukua kalamu ili atie sahihi. Audax aliiangalia ile kalamu. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa na sentensi ndefu. Akamwinamia Tupokigwe, ambaye alikuwa tayari ameshika bahasha yake na anaangalia saa ya ukutani.

"Binti, omba ahirisho," akanong'ona. "Haraka! Hata la wiki moja!"

"Siwezi, mzee," akajibu Tupokigwe. "Somo hilo ulinifelisha."