Maneno ya Mkurugenzi Yasiwekwe Chini

Jumatatu saa nne asubuhi, Idara ya Usalama wa Vibarua wa Magudauni, yenye afisi zake Tononoka, ilitangaza kwa fahari kuundwa kwa Kamati Teule ya Kutafuta Nyenzo Mwafaka za Kuweka Maandishi kwenye Video za Mafunzo. Mkurugenzi Kenneth alikata keki. Zilpah, karani wa mafunzo, aliandika kumbukumbu, na keki ilipomfikia ilikuwa sahani tupu.

Chanzo cha shughuli hiyo kubwa kilikuwa mtu mmoja. Kalama, mpakiaji magunia wa Kibarani, alifanya kazi miaka tisa kando ya jenereta ya Idara, na masikio yake akayaacha hapo hapo. Sasa kanuni mpya ilisema mtu yeyote asiyefaulu mtihani wa video ya usalama haingii gudauni. Video yenyewe ilikuwa picha za ngazi na magunia, Mkurugenzi akitokea hapa na pale, na sauti ya mtangazaji ikieleza pembeni. Kalama aliitazama mara tatu, akafeli mara tatu. Wiki ya tano ilimkuta nyumbani na watoto wanne, na aliyempa karatasi zote tatu za kufeli ni Zilpah. Jambo hilo lilimuuma Zilpah.

Kwa hivyo aliomba video iandikwe maneno. Idara ikampa Kamati.

Kamati haikulala. Ilijifungia siku tatu katika hoteli moja ya Diani, ambako televisheni ya mapokezi ilisemekana kuonyesha maandishi. Ilijadili rangi ya herufi, ikaunda kamati ndogo ya manjano. Mjumbe mmoja alitaka kujua kama maandishi hula umeme mwingi. Kisha likaja suala zito: ilifaa kweli maneno ya Mkurugenzi yakae chini ya skrini, penye miguu? Wajumbe walitazamana kwa hofu. Ikaazimiwa yakae juu ya kichwa chake, kwa herufi kubwa, na kwamba kila neno litokalo kinywani mwake liandikwe bila kupunguzwa. Ikaazimiwa pia kwamba majibu ya mtihani yasahihishwe kwa kufuata maandishi hayo, neno kwa neno. Mkurugenzi akatia sahihi na muhuri.

Nyenzo yenyewe haikuwa imepatikana. Zilpah alipochoka kungoja, alivuka hadi Makadara kwa Shukri, mpiga video za arusi.

"Dadangu, hii ni kazi ya kamati?" Shukri aliuliza. "Keti unywe chai. Programu ni ya bure, iko humu kwenye simu."

Chai haijapoa, kazi ilikuwa imekwisha, isipokuwa kipande kimoja cha mwisho. Hapo Mkurugenzi alionekana akifunga mkanda wa kofia yake na kusema jambo, lakini muziki ulikuwa umemfunika, na ile programu iliandika "muziki" tu. Zilpah akarudi afisini kumwuliza alisema nini. Mkurugenzi hakukumbuka.

"Lakini mimi sisemi upuuzi kazini," alisema. "Liandikwe. Azimio unalo."

Zilpah akamwendea Kalama, maana mtu aliyekaa miaka kwenye kelele hujifunza kusoma midomo. Kalama alitazama kile kipande mara moja tu.

"Hiki nilikiona tangu siku ya kwanza," alisema kwa ile sauti kubwa ya asiyejisikia. "Nilidhani nyinyi wenye masikio mwajua."

Akamwandikia maneno kwenye karatasi. Zilpah aliyasoma, kwanza kwa woga na baadaye kwa hasira. Kisha akasoma tena azimio, lenye sahihi na muhuri. Karani mwema hufuata maagizo.

Siku ya uzinduzi vibarua walijaa ukumbini na kofia zao za kazi walizopewa na Idara, mgeni rasmi kutoka wizarani akiwa mbele. Kamati ilipongezwa kwa kupata nyenzo. Video ikaenda vizuri hadi mwisho, na hapo, juu ya kichwa cha Mkurugenzi, kwa manjano, kukatokea: KOFIA ZAO NI ZA PICHA TU. WAKIANGUKIWA NA EMBE ZAPASUKA. HII YANGU NIMEJINUNULIA.

Hakuna aliyecheka. Wanaume wale walivua kofia zao, wakazigeuza, wakawa wanazibonyeza kwa vidole.

Mgeni rasmi aliomba, kwa adabu sana, Mkurugenzi abadilishane kofia na Kalama, aliyeketi mstari wa kwanza. Halafu, kwa kuwa alitaka kuingia gudauni na Mkurugenzi saa ile ile, akakumbusha kwamba kanuni haibagui: kila aingiaye hufanya mtihani kwanza. Mkurugenzi na Kalama wakaketishwa meza moja, Zilpah akasahihisha mbele ya watu.

Swali la kwanza lilikuwa: Kwa mujibu wa Mkurugenzi, kofia ya kazini ni ya nini?

Kalama aliandika, "Ni ya picha." Akapata yote, na Jumatatu alirudi Kibarani na kofia nyeupe yenye mkanda.

Mkurugenzi aliandika, "Ni ya kulinda kichwa." Zilpah aliangalia azimio, akaangalia maandishi, kisha kwa masikitiko makubwa ya kikazi akamwekea alama ya kosa.