Maktaba ya Mzee Gakuru, Futi Sitini

Siku mzee Gakuru alipowaalika waumini waiombee nyumba yake mpya pale Milimani, Kitengela, watu wote walifumba macho isipokuwa mmoja. Melvin Wakhungu huwa hafumbi macho wakati wa maombi. Anasema hiyo ndiyo saa pekee ambapo mtu anaweza kuikagua nyumba ya mwenzake bila kuulizwa anatafuta nini. Na alichokiona siku hiyo kilimfanya aitikie "Amina" mchungaji akiwa bado kwenye msingi wa nyumba, hajafika hata dirishani.

Ukuta mzima wa sebule ulikuwa rafu. Mbao za mvule, kuanzia sakafuni hadi darini, na juu yake hapakuwa na kitu ila king'amuzi, maua ya plastiki, na picha ya Gakuru akisalimiana na mkono wa mtu ambaye fremu ilikuwa imemkata kichwa.

Wakhungu hakuwa mgeni katika kazi ya kuwasaidia watu kutumia pesa zao. Ndiye aliyewauzia wapangaji wa mtaa wa Noonkopir mawe ya kuondoa chumvi kwenye maji ya kisima. Chumvi ilibaki, mawe ndiyo yaliyoisha. Sasa alichukua sahani yake ya pilau akaenda kuketi karibu na mwenye nyumba.

"Mzee, hongera. Nyumba imeweza. Lakini hizo rafu zinakusengenya."

"Zinasema nini?"

"Zinasema mwenye nyumba ako na pesa, basi."

Gakuru aliacha kutafuna. "Na pesa iko na makosa gani?"

"Haina. Lakini mtu akiona vitabu nyuma yako, anaona mtu mwaminifu. Ushawahi kuona wakili bila vitabu?"

Gakuru alifikiri. Kazi yake ni kuuza ploti, na wanunuzi wake wengi ni Wakenya walio ng'ambo, watu wanaotamani ardhi ya nyumbani na hawana nauli ya kuja kuikanyaga. "Hao huwa tunaongeanga na wao kwa video," alisema polepole. "Nikikaa hapa, nyuma wanaona king'amuzi."

"Umeona sasa? Bahati yako nzuri, mimi ni mshauri wa maktaba za nyumbani." Wadhifa huo alikuwa ameupata dakika nne zilizopita, katikati ya maombi.

"Na hizo vitabu zinauzwa aje?"

"Kwa futi."

"Kama mbao?"

"Kama mbao, mzee."

Gakuru, aliyejenga ghorofa tatu na kupigana na mafundi wote wa Kitengela, alielewa futi. Akaagiza futi sitini, nyekundu na nyeusi, zile za mawakili, na zisiwe nyembamba. Kitabu chembamba, alisema, kinakaa cha mtoto.

Wakhungu aliondoka akimhurumia. Mtu mzima, ndevu zimeota mvi, hajui kuwa kitabu kinanunuliwa kimoja kimoja! Nasike, mke wa Wakhungu, ni mwalimu wa shule ya msingi, na kila mwisho wa mwezi hupitia kwa mama wa mitumba pale sokoni, akatoa shilingi hamsini, akarudi na kitabu kimoja chenye jina la mtu mwingine ndani. Anakisoma, watoto wanakisoma, kisha kinaingia kwenye katoni chini ya kitanda. Katoni zilikuwa zimefika tatu. Hiyo ndiyo maktaba, lakini haikuwa na rafu, na Wakhungu hakuwahi kuihesabu kuwa kitu.

Nasike mwenyewe alikuwa na shida moja tu, na alikuwa ameisema wazi, akipanga daftari za wanafunzi mezani.

"Melvin, huu ni mwaka wa kumi na moja tuko kwa nyumba ya mtu. Desemba ikifika kama hatuna ploti yetu, mimi na watoto tunarudi Webuye. Uhamisho nitaomba. Sitaki kuzeeka nikiulizwa na landlord mbona nimepiga msumari kwa ukuta."

Wakhungu hudanganya kama watu wengine wanavyopumua, lakini hilo lilimnyima usingizi. Alimpenda Nasike, na alijua kwamba mwanamke huyo akisema Desemba, hamaanishi Januari.

Vitabu alivipata Kajiado mjini, kwa Muema, anayenunua karatasi kuukuu na kuziuza kwa kilo. Kulikuwa na mafungu ya vitabu vya sheria kutoka ofisi iliyofungwa, ensaiklopidia zenye harufu ya panya, na nyimbo za kanisa ambalo siku hizi ni gereji. Alipovipanga sakafuni aligundua kwamba havifiki hata futi ishirini na tano. Akakaa juu ya gunia, akavitazama, na hapo ndipo alipofunuliwa siri ambayo wasomi wameificha tangu zamani: kitabu kikiwa kwenye rafu huonyesha mgongo tu.

Akaazima msumeno. Alikata kila kitabu akabakisha mgongo na karatasi ya upana wa vidole viwili, akaubandika kwenye ubao kwa gundi. Kilichobaki, yaani maarifa yote, alimuuzia Muema tena kwa kilo, naye akawauzia wachoma njugu. Pesa hizo zikanunua migongo zaidi. Juma hilo watu wa Kajiado walikula njugu zilizofungwa kwa hukumu za mahakama kuu, na hakuna aliyekata rufaa.

Vitabu tisa alivibakisha vizima, akavipanga sebuleni kwa Gakuru, kwenye rafu ya usawa wa kifua, ambako mkono wa mgeni hufika kwanza. Kisha akaweka milango ya kioo na kufuli, na ufunguo akautia mfukoni mwake.

"Mzee, vitabu vya zamani havishikwi kwa miezi sita," alimwonya Gakuru. "Vumbi la Kitengela ni kali. Lazima kwanza vizoee hewa."

"Kumbe vinazoea kama ng'ombe," Gakuru alisema kwa heshima, akasimama mbele ya ukuta wake na kujipiga picha kumi na mbili.

Ikaja saa ya malipo. Gakuru alishika kidevu. "Kijana yangu, pesa yangu yote imefungiwa kwa mradi. Lakini nitakupea kitu haiozi. Niko na ploti Kajiado, futi hamsini kwa mia, kilomita tatu kutoka lami. Title ndiyo hii, nakuandikia leo."

Wakhungu alipiga hesabu haraka. Migongo na gundi kwa kipande cha ardhi! Alijifanya kusitasita, akakuna kichwa, akasema alizoea kulipwa taslimu, kisha akanyakua ile hati kama kuku aliyeona mchwa. Walipeana mikono wakitazamana usoni, na kila mmoja alimhurumia mwenzake kwa dhati.

Nyumbani Nasike aliisoma mara mbili. "Umefanya search kwa ofisi ya ardhi?"

"Search ya nini? Mtu hajui kitabu hufunguliwa wapi, ndiye atajua kughushi title?"

Hapo Nasike alilia. Akampigia mama yake Webuye, akamwambia wamepata, na kwamba Melvin, pamoja na mambo yake yote, amekuwa mwanamume. Wakhungu alisikia hayo kutoka jikoni na akaona kweli amekuwa.

Jumamosi waliwaacha watoto kwa jirani wakaenda Kajiado kuweka uzio. Mawe ya mipaka yalikuwepo, yamepakwa chokaa, na Nasike alikuwa ameshaanza kuonyesha kwa jembe jikoni patakuwa wapi, pikipiki ilipokuja ikasimama. Aliyeshuka alikuwa jamaa wa miaka thelathini na kitu, koti la ngozi, fimbo mkononi.

"Sopa," alisalimu kwa Kimaasai.

"Epa!" Wakhungu aliitikia kwa fahari. Mwenye ardhi lazima ajue lugha ya majirani.

"Naitwa Sankale. Nyinyi ni watu wa Gakuru?"

"Ndio sisi."

"Karibuni. Nyinyi ni wa saba."

"Majirani saba tayari?" Nasike alifurahi.

"Hapana, mama. Watu saba, ploti hii moja. Hii ardhi ni ya baba yangu na haijawahi uzwa. Hizi mawe nyeupe tunang'oa, huyo mzee anarudisha usiku." Aliwatazama kwa upole wa mtu aliyezoea. "Chai iko pale nyumbani. Huwa tunawapea chai kwanza, kwa sababu wengine wanaanguka."

Nasike hakuanguka. Aliketi juu ya rundo la nguzo, jembe magotini. Wakhungu alimpigia Gakuru kwa video. Gakuru alipokea mara moja, amevaa tai, na nyuma yake migongo myekundu na myeusi iling'aa kama mahakama.

"Mzee! Hii ploti iko na mwenyewe!"

"Na vitabu zangu ziko na ndani?"

Wakhungu aliupapasa ufunguo mfukoni mwake.

"Fundi wa kufuli yako ni mtu wa kwetu, alinipea ufunguo wa pili," Gakuru aliendelea bila hasira. "Jioni hiyo hiyo nilivuta moja, ikatoka na ubao."

"Mbona hukusema?"

"Niseme ya nini? Wateja wangu hawavuti vitabu, wanaangalia tu. Tangu uweke hiyo maktaba nimeuza ploti tano. Kazi yako ni safi."

"Kata simu, Melvin," Nasike alisema akiinuka. "Twende polisi."

"Endeni, mama," sauti ya Gakuru ilitoka kwenye simu. "Atawaambia polisi alilipa ploti na nini?"

Nasike alimgeukia mumewe. "Ulilipa na nini?"

"Vitabu."

"Vitabu gani?"

"Migongo," alisema Wakhungu, kwa sauti ndogo. "Nilivikata."

Mwalimu Nasike alifumba macho kidogo. Uchungu wa vile vitabu ulimpitia usoni, ukafuatwa na uchungu wa ploti, na Wakhungu alisubiri kuchapwa jembe. Lakini mke wake alimshika mkono.

"Tutaenda tu. Utasema yako, naye aseme yake. Ukikubali kusema ukweli mara moja tu, Melvin, nitasimama na wewe, hata tukae kwa nyumba ya mtu miaka kumi mingine. Webuye sitaenda."

Watu wengi huishi hadi kufa bila kuambiwa maneno kama hayo. Wakhungu alisogeza kidole kwenye kitufe chekundu cha kukata simu.

"Wakhungu, ngoja," alisema Gakuru. "Nafungua ofisi ya pili. Nataka futi arobaini, nyekundu tupu. Na safari hii si ploti kama hiyo. Nakupea ya kona."

Sankale alitazama kando kwa adabu. Kidole cha Wakhungu kilisimama pale kilipokuwa.

"Kona ya barabara gani?" aliuliza.

Nasike aliuachilia mkono wake. Aliliweka jembe chini taratibu, akakung'uta vumbi kwenye leso yake, akamuuliza Sankale gari za Kitengela zinapatikana wapi, maana ana watoto wa kuchukua na safari ndefu ya Webuye. Sankale aliwasha pikipiki, akamwambia apande.

Hata walipoanza kuondoka sauti ya Wakhungu ilikuwa bado inasikika nyuma yao, ikieleza kwamba nyekundu tupu itachukua wiki mbili kupatikana, na kwamba gundi imepanda bei.