Neno Mparuzo ni Langu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nina miaka sabini na nane. Nimezika magitaa mawili, wenyeviti wanne wa bendi, na daktari aliyeniambia niache sigara. Shule niliishia darasa la pili, ila mwandiko wangu hauna mpinzani mtaa huu.

Leo presha imepanda. Redio imesema mtangazaji mmoja, mwanamke, anatafuta chanzo cha neno mparuzo. Ndivyo vijana wanavyouita muziki wetu wa zamani. Na Jumamosi atamhoji nani? Shemeji! Kaka wa mke wangu! Mpiga ngoma! Eti ndiye aliyelitunga. Mimi niliparuza chupa ya soda kwa msumari miaka kumi na moja, ukumbi mzima ukinitazama. Yeye alikaa nyuma, anatoka jasho tu.

Jumanne, tarehe 4

Nimekwenda kwa mpiga besi wetu, siku hizi fundi viatu. Nikamwomba aseme kwamba neno lilitoka kinywani mwangu. Akamaliza kupigilia kisigino kwanza, ndipo akajibu kuwa anachokumbuka kinywani mwangu ni chakula cha wenzangu. Mnafiki. Shemeji atakuwa amemuwahi.

Nimepita kwa shemeji. Ameshanyoa. Shati jipya liko kwenye kamba.

Alhamisi, tarehe 6

Nimepata dawa. Ngoma ya bendi ninayo uvunguni. Nimeandika kwenye ngozi, kwa masizi na mafuta: MPARUZO NIMETUNGA MIMI. Chini yake mwaka. Nimerudi nyuma miaka arobaini na tisa. Nikaisugua kwa majani ya chai hadi ikazeeka kuliko mimi. Mke wangu akauliza majani ya chai yamekwenda wapi. Nikamjibu kuwa historia ina gharama zake.

Kisha nikapiga simu redioni. Nikasema nina ushahidi, mtangazaji na shemeji waje wote wawili kwangu.

Jumamosi, tarehe 8

Siku mbaya.

Walikuja, mtangazaji na shemeji na shati lake. Nikaitoa ngoma taratibu, kama mtu anayemtoa bibi harusi. Mtangazaji akasoma, akashangaa, akaniambia mzee una hazina. Nikamtazama shemeji. Raha iliyoje! Ikadumu dakika moja.

Shemeji akaomba ngoma igeuzwe. Kumbe nilisahau. Kila ngoma anayoiwamba huacha kishungi cha manyoya pembeni, ndiyo saini yake. Kilikuwepo, cha kahawia, na misumari bado inang'aa.

“Shemeji,” akasema kwa upole, na upole ndio ulioniua, “ngozi hii niliiwamba mimi, panya walipokula ile ya kwanza. Mwaka jana ilikuwa bado inakula majani nyuma ya nyumba yangu.”

Mtangazaji akacheka mpaka kinasa sauti kikamtoka mkononi. Mke wangu akatoka jikoni kuona kuna nini, naye akaulizwa. Akasema neno ni lake. Tulikuwa tunafanya mazoezi sebuleni, yeye anakwangua ukoko wa sufuria, chupa yangu ikaanza. Akatupigia kelele kwamba mparuzo wake unamtosha, tuache wetu, mtoto amelala. Bendi nzima ikaangua kicheko, na jina likabaki.

Shemeji akainamisha kichwa, akakiri ndivyo ilivyokuwa. Mimi pia nilikumbuka, nikairudisha ngoma uvunguni.

Jumatatu, tarehe 10

Imerushwa hewani. Mtaa mzima sasa unamwita mke wangu Mama Mparuzo. Dukani kapewa kiti. Mimi nimeulizwa kama ndimi mume wake. Kuoa nimeoa mimi, chupa nimeparuza mimi, sifa anakula yeye!

Nimekaa nikawaza. Sufuria ile iliunguzwa na nani? Mimi! Nisingeunguza chakula siku ile, angekwangua nini? Basi neno ni langu, na ushahidi upo: sufuria yenyewe, ya miaka arobaini na tisa, naiunguza hapa uani sasa hivi. Kesho naipeleka redioni.

Asiyeniamini amuulize mwenye duka la vyombo. Ndiye aliyeniuzia leo asubuhi.